Kura 429 kwa 161: Jinsi Sinn Féin kilivyotoka vitani bila kupasuka vibaya

Tarehe 2 Novemba 1986, katika ukumbi wa Mansion House jijini Dublin, wajumbe wa mkutano mkuu wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland yote iwe jamhuri moja nje ya Uingereza, waliulizwa swali ambalo kwa mtu wa nje lingeonekana la kikanuni tu: mgombea wa chama akishinda ubunge katika Jamhuri ya Ireland, aende kukalia kiti chake au aendelee kukisusia? Waliosema aende walikuwa 429, waliokataa 161. Katiba ya chama ilidai theluthi mbili, na theluthi mbili ikapatikana. Ruairí Ó Brádaigh, aliyekiongoza chama tangu 1970 hadi 1983, akatoka ukumbini na wenzake, wakaenda kuunda chama chao, Republican Sinn Féin.

Wachambuzi wengi huanza kusimulia habari za Sinn Féin kutoka Ijumaa Kuu ya 1998, siku mkataba wa amani ulipofikiwa Belfast. Naona wanaanzia katikati. Kazi ngumu ilikuwa kulitoa jeshi la siri vitani huku silaha, fedha na wapiganaji wake wakibaki chini ya uongozi mmoja, na kazi hiyo ilikuwa imeanza zaidi ya miaka 10 kabla ya mkataba, ikaja kukamilika miaka tisa baada yake. Viongozi wa chama, Gerry Adams, Martin McGuinness na wenzao, waliifanya kwa utaratibu uleule kila mara: jambo lilipitishwa kwanza na IRA, yaani jeshi hilo la siri, ndipo likapelekwa kwenye chama, na halikupelekwa mpaka uongozi uwe na kitu mkononi cha kuwaonyesha wanachama. Utaratibu huo ndio uliokiokoa chama. Na kwa maoni yangu, ndio unaokikwamisha leo, hasa Kusini, ambako wapiga kura wanataka chama kinachojibu maswali.

Uzito wa kura ya 1986 unaeleweka ukijua imani iliyokuwa nyuma yake. Kwa wanajamhuri wenye msimamo mkali, serikali halali ya mwisho ya Ireland ilitokana na Bunge la Pili la 1921, kabla ya kukubali mkataba ulioacha kisiwa kimegawanyika: kaunti 26 zikapata dola lao, kaunti 6 za Kaskazini zikabaki chini ya Uingereza. Mabunge yaliyofuata, la Dublin, la Belfast, pamoja na lile la London, yote kwao yalikuwa haramu. Mwaka 1938 masalia wa lile bunge la 1921 walitangaza kwamba mamlaka yao wanayakabidhi kwa Baraza la Jeshi la IRA. Kwa hesabu hiyo mpiganaji wa IRA hakujiona mwasi. Alijiona askari wa serikali, na ukienda kukaa katika bunge la Dublin umekiri kwamba serikali yako haipo. Mgawanyiko wa 1969 na 1970, uliozaa tawi lililoitwa Provisional, ulichochewa kwa sehemu kubwa na suala hilohilo. Tom Maguire, wa mwisho aliyekuwa bado hai kati ya wale waliokabidhi mamlaka mwaka 1938, aliwabariki Provisional mwaka 1969 kwa sababu walisimama kidete kwenye ususiaji. Mwaka 1986 akawakana.

Kwa hiyo Adams na wenzake hawakwenda Mansion House kubahatisha. Wiki chache kabla, IRA ilikuwa imefanya mkutano wake wa siri, wa kwanza wa aina hiyo tangu 1970, ikaondoa katazo kwa upande wake. Chama kikapiga kura kikijua jeshi limekwisha kuamua. McGuinness akasimama jukwaani kuwahakikishia wajumbe kwamba vita vitaendelea vilevile. Sijui namna bora ya kueleza siasa ya chama hiki kuliko hiyo: mlango mmoja unafungwa huku mzungumzaji akiapa kwamba hakuna mlango unaofungwa.

Ujasiri wa kufika hapo ulitoka gerezani. Wafungwa wa IRA katika gereza la Maze walidai mambo matano: wavae nguo zao wenyewe, wasifanye kazi za gereza, wajumuike kwa uhuru, wapate wageni, barua na vifurushi kila wiki, na warudishiwe punguzo la kifungo walilonyang'anywa kwa kuandamana. Serikali ya Margaret Thatcher ikakataa. Bobby Sands alianza kugoma kula Machi 1, 1981. Siku chache baadaye mbunge wa Fermanagh na South Tyrone akafariki, kiti kikawa wazi, na Sands akasimamishwa akiwa kitandani gerezani. Aprili 9 alipata kura 30,492 dhidi ya 29,046 za Harry West, mfuasi wa Muungano na Uingereza. Alifariki Mei 5, siku ya 66 ya mgomo, na wenzake tisa wakamfuata. Mwezi Juni wafungwa wengine wawili, Kieran Doherty na Paddy Agnew, walichaguliwa katika bunge la Dublin. London ikabadilisha sheria kuwazuia wafungwa wa aina hiyo kugombea, nayo haikusaidia: Agosti wakala wa uchaguzi wa Sands, Owen Carron, alikishinda kiti kilekile.

Mpaka wakati huo uongozi ulikuwa ukiogopa uchaguzi kwa sababu ya wazi kabisa. Ukishindwa, adui anapata ushahidi kwamba huna watu. Mwaka 1981 hofu hiyo iliondoka, na Oktoba Danny Morrison akawauliza wajumbe nani atapinga iwapo wataichukua Ireland wakiwa na karatasi ya kura mkono mmoja na bunduki ya Armalite mkono wa pili. Mwaka uliofuata chama kilipata asilimia 10.1 ya kura katika uchaguzi wa Baraza la Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1983 kikapata asilimia 13.4 katika uchaguzi wa bunge la London, Adams akashinda Belfast Magharibi, na Novemba akawa rais wa chama.

Hapo kikakwama, na sababu za kukwama ndizo zilizoamua yote yaliyofuata. Mikono ile miwili ilikuwa ikipokonyana. Bomu la IRA lililoua watu 11 mjini Enniskillen Novemba 8, 1987, wakiwa kwenye kumbukumbu ya askari waliokufa vitani, liliwakimbiza wapiga kura Wakatoliki wa tabaka la kati kwenda kwa wapinzani wao wa SDLP, chama cha John Hume kilichopinga vita tangu mwanzo. Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi: katika uchaguzi mkuu wa 1987, wa kwanza baada ya ususiaji kuondolewa, Sinn Féin kiliambulia asilimia 1.9. Meli Eksund, iliyokuwa na zaidi ya tani 100 za silaha kutoka Libya, ilikamatwa pwani ya Ufaransa mwaka huohuo, na shambulio kubwa lililokuwa likipangwa kwa silaha hizo likapotea nayo. Mwaka 1992 Adams akapoteza kiti cha Belfast Magharibi kwa mgombea wa SDLP. Jeshi la Uingereza lilikuwa haliwezi kuimaliza IRA, IRA haiwezi kuliondoa jeshi la Uingereza, na kila wiki ya vita ilikigharimu chama kura.

Mazungumzo yalianza kwa mlango wa nyuma. Padri Alec Reid wa monasteri ya Clonard, Belfast, ndiye aliyekuwa akibeba ujumbe, na mwaka 1988 Hume alikutana na Adams. Hoja ya Hume ilikuwa kali: Uingereza haina tena maslahi ya kujitakia Kaskazini, kizuizi ni watu milioni moja wa huko wasiotaka kuondoka Uingereza, na watu hao huwezi kuwashawishi kwa bomu. Kwa mwanajamhuri hilo lilikuwa chungu kulimeza, maana miaka yote adui alikuwa London. Desemba 1993 serikali za London na Dublin zilitoa tamko la pamoja lililosema watu wa kisiwa cha Ireland wana haki ya kujiamulia, kila upande kwa ridhaa yake. Mapema 1994 Bill Clinton akampa Adams viza ya kuingia Marekani, ingawa London ilipinga vikali. Hiyo viza ndiyo ilikuwa kitu cha kuonyesha: uongozi uliweza kusema, tazameni, siasa inatufikisha mahali bunduki haijatufikisha. Agosti 31, 1994 IRA ikatangaza kusitisha kabisa operesheni zake za kijeshi.

Tamko lilisema kabisa, wala halikusema daima. Tofauti hiyo ikageuka mgogoro wa miezi 17. Serikali ya John Major, iliyokuwa ikitegemea wingi mdogo sana bungeni, ilidai IRA ianze kusalimisha silaha kabla chama hakijaruhusiwa mezani. Kwa jeshi lisiloshindwa vitani, kusalimisha kwanza ni kukiri kushindwa. Hakuna kamanda wa IRA ambaye angebaki na cheo chake baada ya kukubali. Februari 9, 1996 bomu likalipuka Docklands, London, likaua watu wawili. Mwezi Juni lingine likavunja katikati ya jiji la Manchester. Ilibidi uchaguzi wa 1997 umlete Tony Blair mwenye wingi mkubwa, ndipo sharti likalegezwa, na Julai 20 mapigano yakasitishwa tena.

Septemba chama kikakubali kanuni za seneta wa zamani wa Marekani George Mitchell: njia za amani pekee, na silaha zote kuondolewa. IRA ilisema kanuni hizo ni za chama, si zake, jambo lililowaudhi wafuasi wa Muungano na kuwatuliza wapiganaji kwa wakati mmoja. Haikuwatuliza wote. Vuli ya 1997 mkuu wa ghala za silaha wa IRA akaondoka na kundi lililokuja kuitwa Real IRA. Haikuchukua muda kuonekana waliondoka na nini: Agosti 15, 1998 kundi hilo liliua watu 29 mjini Omagh. Lakini kwa kipimo cha historia ya IRA mpasuko ulikuwa mdogo. Wengi, pamoja na sehemu kubwa ya silaha, walibaki na Adams.

Mkataba wa Ijumaa Kuu, Aprili 10, 1998, ulikuwa na kifungu kigumu zaidi kwa Sinn Féin kuliko wasomaji wengi wanavyodhani: Ireland ya Kaskazini itabaki ndani ya Uingereza mpaka wengi wa wakazi wake waamue vinginevyo. Chama kilichopigana kulifuta jimbo hilo sasa kilitakiwa kukaa katika bunge lake, Stormont. Mkutano mkuu maalumu wa Mei 10 ulihitaji tena theluthi mbili. Safari hii uongozi haukuacha kitu kwa bahati. Wafungwa waliokuwa wamekaa jela zaidi ya miaka 20, wale wa kundi lililokamatwa mtaa wa Balcombe, London, mwaka 1975, walitolewa kwa ruhusa maalumu na kupandishwa jukwaani. Ukumbi ukasimama ukipiga makofi. Mkataba ulikuwa umeahidi wafungwa wote wa makundi yaliyositisha mapigano kuachiwa ndani ya miaka miwili. Wajumbe 331 kati ya 350 wakakubali. Waliotarajiwa kuwa wagumu kuliko wote, yaani wafungwa, ndio waliokuwa na faida ya haraka kuliko wote, na ndio wenye heshima ya kumnyamazisha mwanachama yeyote wa mtaani anayelalamika kwamba damu imeuzwa.

Silaha zilichukua miaka mingine saba. Tume huru iliyoongozwa na jenerali wa Kanada, John de Chastelain, ilipewa kazi ya kushuhudia silaha zikifanywa zisitumike tena. Neno lililokubalika kwa IRA halikuwa kusalimisha. Hakuna bunduki iliyokabidhiwa kwa Mwingereza. Mwaka 2000 Martti Ahtisaari wa Finland na Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini walipelekwa kwenye maghala ya siri kuyakagua na kuhakikisha hayajaguswa. Uteuzi wa Ramaphosa ulikuwa wa busara: ANC ilikuwa na heshima kwa wanajamhuri kwa sababu nayo ilitoka msituni, na viongozi wake walikwisha kwenda kuzungumza na wafungwa wa Maze. Uharibifu wa kwanza ulifanyika Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulio ya Septemba 11, wakati ambapo wachangiaji wa Marekani hawakuwa tena na hamu ya kusikia neno jeshi la siri.

Halafu mambo yakaharibika. Desemba 2004 mazungumzo yalivunjika kwa sababu Ian Paisley wa DUP, chama cha wafuasi wa Muungano, alitaka picha za silaha zikiharibiwa, na IRA ikaona picha hizo ni fedheha. Siku chache baadaye pauni milioni 26.5 ziliibwa kwenye benki moja Belfast. Polisi waliinyooshea kidole IRA, nayo ikakana. Mwishoni mwa Januari 2005 mkazi mmoja wa Belfast aliuawa nje ya baa na watu waliohusishwa na IRA, mashahidi wengi wakadai hawakuona kitu, na dada zake wakasimama hadharani kudai haki. IRA ikajibu kwa kutangaza kwamba ilikuwa tayari kuwapiga risasi waliohusika. Sentensi hiyo moja ilionyesha kuliko ripoti yoyote kwamba jeshi lilikuwa bado linaishi katika dunia yake. Ikulu ya Marekani ikamfungia Adams mlango siku ya Mtakatifu Patrick. Jeshi ambalo zamani lilikuwa mtaji wa mazungumzo sasa lilikuwa mzigo, na Julai 28, 2005 likaamriwa kumaliza mapambano ya silaha. Septemba de Chastelain alithibitisha kwamba silaha zimekwisha kuharibiwa. Picha hazikuwapo, waliokuwapo ni mashahidi wawili, Padri Alec Reid na Mchungaji Harold Good wa Kimethodisti.

Polisi walikuwa mtihani mkubwa kuliko silaha, ingawa nje ya Ireland jambo hili halijadiliwi sana. Silaha unaziharibu mara moja. Polisi utaishi nao kila siku: mwizi akivunja nyumba Falls Road, unampigia nani? Kwa miaka 30 jibu la mitaa ya wanajamhuri lilikuwa IRA, iliyowapiga risasi za magoti vijana ilioona ni wahalifu. Jeshi la polisi la zamani lilikuwa limepoteza askari takriban 300 katika vita, na lilikuwa karibu lote la Waprotestanti; Wakatoliki walikuwa asilimia 8 hivi. Tume ya Chris Patten mwaka 1999 ilipendekeza jina jipya, nembo mpya, bodi ya usimamizi, mchunguzi huru wa malalamiko, na utaratibu wa kuajiri nusu kwa nusu. Kufikia 2011, utaratibu huo ulipositishwa, Wakatoliki walikuwa asilimia 30 hivi.

Sinn Féin kilikaa nje ya bodi hiyo mpaka DUP iliposema haitakaa serikalini na chama kisichoitambua polisi. Januari 28, 2007 mkutano mkuu maalumu Dublin ukakubali kwa wingi mkubwa, baada ya miezi ya mikutano ya mtaa kwa mtaa ambamo Adams na McGuinness walisikiliza matusi ya familia za waliouawa na polisi na jeshi. Mei 8 mwaka huo Paisley akaapishwa Waziri Kiongozi, McGuinness Naibu. Uthibitisho ulikuja Machi 2009. Wanajamhuri waasi walipoua askari wawili na polisi mmoja ndani ya siku tatu, McGuinness, kamanda wa zamani wa IRA mjini Derry, alisimama kando ya mkuu wa polisi na kuwaita wauaji wasaliti wa kisiwa cha Ireland.

Serikali yenyewe ya Stormont ina mtambo unaofaa kuelezwa. Waziri Kiongozi na Naibu wake wana mamlaka sawa kabisa. Mmoja akijiuzulu, mwingine anaanguka naye. Wizara ya Sheria hupatikana kwa kura ya pande zote mbili. Nyingine hugawanywa kwa kuchukua viti vya kila chama na kuvigawa kwa 1, kisha 2, kisha 3, kadiri chama kinavyopata wizara. Katika uchaguzi wa Mei 2022 Sinn Féin kilipata viti 27 kati ya 90 na DUP 25. Kwa Sinn Féin hesabu inakwenda 27, 13.5, 9, kwa DUP 25, 12.5, kisha 8.3. Serikali ilipoundwa hatimaye Februari 2024, Sinn Féin kikapata wizara tatu, DUP mbili, Ulster Unionist moja, Alliance moja pamoja na ile ya Sheria. SDLP yenye viti 8 ikakosa, ikaenda upinzani.

Tatizo la mtambo huo ni kwamba kila chama kikuu kina ufunguo wa kuuzima. McGuinness alijiuzulu Januari 2017, miezi miwili kabla ya kifo chake, kwa kashfa ya mpango wa ruzuku za nishati ya joto uliokuwa umeanzishwa na waziri wa DUP, na Kaskazini ikakaa miaka mitatu bila mawaziri. DUP ikauzima tena Februari 2022 kwa sababu ya ukaguzi wa bidhaa baharini baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Hospitali zilizokuwa na foleni ndefu kuliko sehemu nyingine za Uingereza zilisubiri.

Michelle O'Neill alipoapishwa Waziri Kiongozi Februari 3, 2024, mwanajamhuri wa kwanza kushika nafasi hiyo, vichwa vya habari vilisema Kaskazini imegeuka. Takwimu zinasema vingine. Kura za wazalendo wa Ireland kwa jumla zimekaa kwenye asilimia 40 kwa muda mrefu. Kilichobadilika ni mgawanyo: Sinn Féin kiliinyonya SDLP mpaka kikafika asilimia 29, wakati upande wa Muungano ulijigawa mara tatu, DUP 21.3, Ulster Unionist 11.2, TUV 7.6. Ukijumlisha hizo tatu unapata asilimia 40.1. Nafasi ya kwanza ilikuja kwa nidhamu ya upande mmoja na ugomvi wa upande wa pili. Sensa ya 2021 ilionyesha wenye asili ya Kikatoliki ni asilimia 45.7 na Waprotestanti 43.5, lakini si kila Mkatoliki anataka muungano na Dublin, na sheria ya 1998 inamwachia waziri wa London anayehusika na Kaskazini kuitisha kura ya maoni pale anapoona wengi wanaelekea kuikubali. Ikishindwa, hairudiwi mpaka ipite miaka saba.

Kusini ndiko ningependa msomaji atazame zaidi. Huko chama hakina jamii iliyofungwa nacho kwa damu. Kinagombea kura kama wengine. Kilipanda kwa kupinga makato baada ya mporomoko wa benki wa 2008 na baadaye kwa suala la nyumba: wabunge 4 mwaka 2007, 14 mwaka 2011, 23 mwaka 2016. Mary Lou McDonald, mwanamke wa Dublin asiye na historia ya IRA, akachukua urais Februari 2018. Mei 2019 kikapigwa vibaya kwenye uchaguzi wa madiwani, kikashuka kutoka viti 159 hadi 81. Kwa tahadhari kikasimamisha wagombea 42 tu katika uchaguzi mkuu wa Februari 2020. Kikapata asilimia 24.5 ya kura za chaguo la kwanza, nyingi kuliko chama chochote, na wagombea 37 kati ya hao 42 wakaingia.

Anayefahamu upigaji kura wa Ireland ataona kosa mara moja. Mpiga kura hupanga wagombea 1, 2, 3. Katika jimbo la viti vitano, mtu anahitaji sehemu moja ya sita ya kura, na moja juu yake, kupita. Ziada yake huhamia kwa chaguo linalofuata. Mgombea wa Sinn Féin aliyepata karibu mara mbili ya kiwango hicho, bila mwenzake wa chama kwenye karatasi, aliwagawia ziada wagombea wa vyama vingine vya mrengo wa kushoto, nao wakaingia bungeni kwa kura zake. Viti kadhaa vilipotea hivyo, Fianna Fáil na Fine Gael, vyama viwili vilivyozoea kutawala Kusini, wakaungana na chama cha Kijani, na Sinn Féin kikabaki upinzani.

Kikaanza kujitayarisha kutawala. Kilikuwa kimepinga kila mkataba wa Umoja wa Ulaya; mwaka 2016 kikawa mtetezi wa kubaki. Mwaka 2021 mkutano mkuu ukalegeza upinzani wa miaka mingi dhidi ya Mahakama Maalumu ya Jinai, ileile isiyo na jopo la wananchi la kuamua hatia, iliyowafunga watu wa IRA. Kodi ya makampuni haikuguswa. Katika kura za maoni za 2022 kilikuwa juu ya asilimia 30. Kisha uhamiaji ukawa mjadala mkubwa, wapiga kura wake wa mitaa ya wafanyakazi wakaenda upande mmoja na vijana wa mijini upande mwingine, na chama kikasema maneno ya kati yasiyomridhisha yeyote. Mwaka 2024 madiwani walikuwa 102, na katika uchaguzi mkuu wa Novemba kura zikashuka hadi asilimia 19.

Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi huo kulikuwa na mfululizo wa maswali kuhusu jinsi chama kilivyoshughulikia malalamiko dhidi ya watu wake. Hapo utaratibu wa zamani ulionekana wazi. Chama kilichojengwa ili siri isivuje, uamuzi utoke juu na mwanachama asihoji hadharani kilikuwa imara mbele ya jasusi wa Uingereza. Mbele ya mwandishi wa habari anayeuliza nani alijua nini na lini, tabia hiyohiyo inaonekana kama kuficha. Adams amekana maisha yake yote kwamba aliwahi kuwa IRA, na wanachama wamezoea kutohoji hilo. Tathmini ya usalama iliyotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 2015 ilisema muundo wa IRA ungalipo, ukiwa na lengo la kisiasa tu, na kwamba baadhi ya wanachama wake wanaamini Baraza la Jeshi ndilo linaloelekeza chama. Sinn Féin kilikanusha. Familia za watu waliotoweshwa na IRA miaka ya 1970 bado nyingine hazijapata mabaki ya kuzika, licha ya tume iliyoundwa 1999 kuyatafuta.

London bado inasusiwa. Wabunge saba waliochaguliwa Julai 2024, wengi kuliko wa chama kingine chochote cha Kaskazini, hawaapi kwa mfalme na hawakai. Sioni sababu ya chama kubadili hilo. Hakuna kura ya kupata, na ni kitu cha mwisho ambacho wakongwe wanaweza kukionyesha kama hakikuuzwa.

Kinachobaki ni hesabu ya Dublin. Bunge lina viti 174, wengi ni 88. Sinn Féin kilipata 39 katika uchaguzi wa 2024. Kiongezee Labour 11, Social Democrats 11, People Before Profit na wenzao 3, Kijani 1, unafika 65. Oktoba 2025 vyama hivyo vilionyesha vinaweza kusimama pamoja vilipomuunga mkono mgombea huru Catherine Connolly akashinda urais wa nchi, lakini urais wa Ireland hauna mamlaka ya kutawala na haugawi wizara. Viti 23 vinavyopungua vitatoka ama kwa wapiga kura waliokuwa nao 2020 na kuwaacha 2024, ama kwa Fianna Fáil, ambao mpaka sasa wanasema hapana.